Nilipolimwaga Pipa la Fundi Makoye

Swali lililoninyima usingizi siku nne mfululizo lilikuwa swali ambalo mtoto wa darasa la tano angeweza kuliuliza. Pete ya nailoni ikivimba kwa maji, tundu lake linapanuka au linabana? Nililigeuza kila upande. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Kama linapanuka, nilikuwa salama. Kama linabana, kulikuwa na boti ya abiria kati ya Ilemela na visiwa vya upande wa Nansio iliyokuwa inatembea na kosa langu ndani ya usukani wake, na nahodha wake hakuwa na habari.

Wadogo zangu mnaokuja karakanani kwa mafunzo ya vitendo, kwa kawaida barua hii ingeandikwa na Fundi Makoye, ambaye amestaafu baada ya miaka mingi kwenye mashine ya kukereza. Tulimwomba aandike. Akasema yeye hana cha kuandika kwa sababu makosa yake ni ya zamani na hayanuki tena. "Mwambieni Leticia," alisema. "La kwake bado bichi." Basi ninaandika mimi, ambaye sijastaafu, na ambaye mpaka leo nikifunga bomba la maji nyumbani narudi mara tatu kuangalia kama nimelifunga.

Karakana yetu mtaiona wenyewe: miamba nyuma, ziwa mbele, na katikati kelele. Tunachonga vipuri vya mashine za kukoboa mpunga, pampu, na boti. Zamani bushi za usukani wa boti zilikuwa za shaba. Bushi ni ile pete nene inayokaa ndani ya bomba la chuma, na shafti ya usukani huzunguka ndani yake. Shaba ikapanda bei, ikawa pia inaibwa boti ikiwa imeegeshwa, mafundi wakahamia kwenye nailoni. Nailoni haina kutu, haihitaji grisi, mchanga wa ziwa ukiingia haiikwaruzi shafti. Nilipofika na cheti changu cha uhandisi niliifahamu kwa jina la kitabuni, poliamidi, na niliweza kuwachorea mnyororo wa molekuli zake. Fundi Makoye alinisikiliza siku ya kwanza hadi mwisho, akasema ni mchoro mzuri, akaniuliza kama naweza kumletea ufagio.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Aliniita Injinia, na alivyolitamka ilikuwa kama unavyomwita mtoto mchanga "mzee". Hakuwa na maneno mengi. Kosa langu la kwanza alilimaliza kwa sentensi moja. Nilikuwa nimekereza bushi, nikaipima hapo hapo ikiwa bado kwenye mashine, ya moto, kipimo kikawa sawasawa. Kesho yake shafti haikuingia. Nailoni ikipata joto hutanuka mara nyingi zaidi ya chuma, na ikipoa hurudi. Nilijua hilo kwa mtihani, hata ningeweza kukupa kanuni yake. Makoye akaninyang'anya vernia, ile rula ya chuma ya kupimia vipenyo, mkononi.

"Hapo ulikuwa unapima homa," alisema. "Mgonjwa mwenyewe hujampima."

Tangu siku hiyo napima kipande asubuhi, kikiwa kimelala kwenye meza usiku kucha. Ninyi pia mfanye hivyo.

Na joto msilichezee. Nyumbani kwao Makoye, Magu, kuna mtu wa mashine ya mpunga aliyefunga kipande cha nailoni karibu na bomba la moshi la injini, akaja kutulalamikia kwamba tumemuuzia nailoni mbovu. Tulikikuta kimelegea kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Hakikuwa kimeyeyuka, maana kuyeyuka kunataka joto kubwa zaidi. Kilikuwa kimepoteza nguvu tu, taratibu, chini ya mzigo, kikajikunja. Nailoni haikuonyi kwa moshi wala harufu. Inakuacha hivi hivi.

Sasa nije kwenye pipa.

Chini ya meza ya Makoye kulikuwa na pipa la plastiki la bluu, limejaa maji ya ziwa yaliyogeuka kijani. Ndani yake zilikuwa zinalala pete za nailoni zilizokerezwa nusu, nene kidogo kuliko zinavyotakiwa, kila moja imefungwa kamba ya katani. Kamba zilikuwa na mafundo. Nyingine fundo moja, nyingine manne, nyingine saba. Nilidhani ni uvivu. Nilidhani mzee anachonga, anachoka, anatupia humo, na kamba ni za kuvulia tu.

Wiki yangu ya pili alichukua kipande kimoja kutoka humo, akakiweka kwenye chuma na kukipiga nyundo. Nyundo iliruka nusura inipige kidevuni. Kipande hakikuwa na hata alama. Akanitazama kama anangojea niulize kitu. Mimi nilikuwa nawaza kuhusu kidevu changu, sikuuliza.

Kisha Makoye akachukua likizo yake aliyoilimbikiza miaka miwili, siku hamsini na sita, akaenda Magu kuvuna mpunga. Bosi wetu akaniachia sehemu ya nailoni. Mwenye hofu akipewa madaraka huanza kusafisha. Nilisafisha kila kitu. Na nilipofika kwenye pipa, nilisimama pale nikiwa na uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena maishani, kwa sababu chuoni mhadhiri alikuwa ametuambia, na nilikuwa nimepigia mstari, kwamba poliamidi lazima ikaushwe kabisa kabla ya kazi. Unyevu ni adui yake.

Hilo ni kweli kwa kiwanda kinachoyeyusha punje za nailoni na kuzimimina kwenye kalibu. Punje zenye maji huchemka, huleta mapovu, kitu kinatoka kibovu. Sisi hatuyeyushi chochote. Sisi tunakereza. Lakini mstari wangu wa kalamu nyekundu haukusema hivyo, ulisema kausha.

Nikamwaga maji. Nikakata kamba zote kwa kisu, nikazitupa. Pete nikazipanga vizuri ndani ya oveni tunayokaushia mota zilizosukwa upya, nikaziacha wiki nzima. Zilitoka zina umanjano kidogo, kavu, safi, na nilizipiga picha nikawatumia wenzangu wa chuo.

Wiki iliyofuata zikaja kazi mbili za bushi za usukani: moja ya boti ya kubeba dagaa, nyingine ya boti ya abiria ya Nahodha Bituro. Ukutani, kwa chaki, Makoye alikuwa ameandika nafasi ya kuacha kati ya bushi na shafti: kwa shafti ya milimita hamsini, robo milimita. Niliifuata kama amri. Nilipoigonga ya kwanza kuingia ndani ya bomba lake, ukingo ukakatika na kulia kama sahani. Nililaumu nyundo. Nikachonga nyingine, nikaigonga polepole zaidi.

Baada ya mwezi na siku kadhaa, boti ya dagaa ikarudi. Mshika usukani wake aliingia karakanani akijipapasa mabega. Alisema alidhani anazeeka, mpaka mdogo wake mwenye miaka ishirini naye akashindwa. Kugeuza ule usukani, alisema, ni kama kusonga ugali wa muhogo wa harusi nzima, na mwiko mmoja.

Tuliufungua. Shafti haikutoka kwa mkono. Haikutoka kwa nyundo ya mbao. Ilibidi tuichane bushi kwa msumeno, na ilipopasuka ililia, nikaruka nyuma. Nilichukua vipande nikavipima mara kumi na moja. Nailoni ilikuwa imenenepa.

Bosi alisema inatokea, tumfungie mteja nyingine bure na tusifanye hadithi. Nikamuuliza kuhusu boti ya Bituro, iliyofungwa siku tatu tu baada ya hii, kutoka oveni ile ile. Akasema Bituro hajalalamika. Atakuja kwa matengenezo mwisho wa mwezi, tutaiangalia. Alisema kwa upole, na akaongeza kwamba mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi, na mteja ukimtia hofu anahama karakana.

Hapo ndipo swali lilipoanza. Maana akili yenye woga ikitafuta mlango, huupata. Nilijiambia: pete ikivimba, kila kitu chake kinakua kwa uwiano, hata tundu. Kama picha unayoikuza kwenye simu, mdomo wa kikombe nao unakuwa mkubwa. Kwa hiyo tundu lingepanuka, na shafti ingelegea, isingebana. Basi labda boti ya dagaa ilikuwa na tatizo lingine. Labda shafti yake ilipinda. Labda mchanga.

Nikaamua kupima. Nilimwomba mama anayetupikia chai sufuria yake ya zamani. Alinipa kwa masharti kwamba haitarudi jikoni kwake. Nikachonga pete nyembamba kutoka mabaki makavu, nikapima tundu, nikaichemsha kwenye jiko la mkaa tangu asubuhi hadi jioni, maana maji ya moto huingia kwenye nailoni haraka kuliko ya baridi. Jioni nikaiacha ipoe, na kesho yake asubuhi, nikikumbuka homa, nikapima.

Tundu lilikuwa limepanuka.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Mama wa chai akauliza kama kilichoiva ni kitamu. Usiku ule nilipata usingizi wa saa tatu tu, kisha nikaamka na kukaa kitandani. Kama tundu linapanuka, yule mshika usukani anaumwa mabega kwa sababu gani?

Fundi Makoye alirudi siku iliyofuata, na mfuko wa mchele begani kwa ajili yetu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka mfuko chini, akainama kutazama chini ya meza yake. Pipa lilikuwa limefunikwa kifudifudi, safi, linang'aa. Alikaa juu yake. Nilimweleza kila kitu kuanzia oveni hadi sufuria, na sauti yangu ilikuwa inapanda kama ya mtu anayejitetea mahakamani.

Aliuliza jambo moja tu.

"Ulizochukua zilikuwa na mafundo mangapi?"

Nilisema sijui. Nilikata kamba.

Alivua miwani. Ndipo akanieleza kwamba fundo moja ni mwezi mmoja majini. Anachonga pete nene, anaitumbukiza, kila mwisho wa mwezi anafunga fundo. Kama haraka ipo, anazichemsha. Kitu cha ziwa kinywe maji kwake kwanza, kivimbe kwake, kimalize tamaa yake. Ndipo anakereza mara ya mwisho kwa kipimo, na kikienda ziwani hakina la kuongeza. "Mwenye mafundo tisa amefikisha," alisema, "huyo unaweza kumzalisha." Ile robo milimita ya ukutani ilikuwa ya nailoni iliyokwisha kunywa, ambayo pia haikatiki kwa nyundo kama ilivyokatika yangu kavu. Kipimo kilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekipa nailoni yenye kiu.

Nikamwonyesha pete yangu iliyochemshwa, tundu lake lililopanuka. Nilikuwa bado nimeshikilia mlango wangu. Aliitazama, akaniuliza bushi ya Bituro imekaa wapi, hewani?

Hapo nikaelewa.

Hata hivyo hakunisamehe jaribio. Alisema ya kichwani tuyaache, tuone. Nilichonga pete nyingine kavu. Tukaigonga ndani ya kipande cha bomba la chuma, kama inavyokaa kwenye boti. Tukatafuta kipande cha shafti kinachoingia na kucheza ndani yake vizuri kabisa, tukakitoa. Nikachemsha tangu asubuhi, sufuria ile ile, mama wa chai akipita na kuuliza kama leo ni supu ya chuma. Alasiri Makoye alilitoa bomba kwa koleo, tukalimwagia maji ya baridi na kulisubiri mpaka likawa baridi hadi ndani. Akanipa shafti.

Haikuingia. Pete yangu ya kwanza, isiyo na ukuta, ilikuwa huru kwenda nje, na tundu likaenda nayo. Hii ilikuwa na chuma pande zote, haikuwa na pa kwenda isipokuwa ndani. Niliielekeza shafti tena, nikasukuma kwa viganja viwili, kisha Makoye akaipiga nyundo mara mbili ikaingia nusu na kukwama. Akanipa bomba lile zima, na shafti imechomoza. Nilijaribu kuizungusha. Ilikuwa kama mkono wa mtu aliyekataa kukupa kitu.

Bosi alikuwa mlangoni. Alisema bado anaona tungoje mwisho wa mwezi. Makoye aliniangalia mimi, kwa sababu karatasi ya kazi ya Bituro ilikuwa na sahihi yangu. Nilipiga hesabu kichwani kama kawaida yangu: nikinyamaza na isitokee kitu, nikisema na iwe si kitu, nikisema nikafukuzwa, nikinyamaza na upepo ukatokea mchana katikati ya ziwa, mawimbi yakaja ubavuni na mtu anahitaji kugeuza boti kwa haraka. Kila njia niliyoifuata ilikuwa na mlango wa pembeni, isipokuwa ile ya mwisho. Simu ya Bituro haikupatikana. Boti yake ilikuwa imelala ng'ambo na ingefika mwaloni, pale ufukweni boti zinapoegesha, asubuhi, ishushe, ipakie, iondoke.

Nilikuwa mwaloni jua likiwa linatoka juu ya miamba. Boti ilikuwa tayari imegusa mchanga. Watu walikuwa wanateremsha magunia ya machungwa, na wengine walishapanda kwenda: mama mmoja na magodoro mawili, wanafunzi wenye masanduku ya chuma, mwanamume na kreti za soda. Niliwahesabu nikaacha, kwa sababu kila niliyemhesabu alikuwa na uso.

Nahodha Bituro alikuwa mtu mkubwa, mtaratibu, wa upande wa Mara. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza kama karakana imeanza kutuma wasichana kudai madeni.

Nilisema, "Mzee, usukani wako ukoje?"

"Umekaza kidogo. Bushi mpya hizo, zitazoea."

"Hazitazoea. Zitazidi."

Nikampa lile bomba la jaribio. Nilimwomba atoe shafti. Alilishika kwa mkono mmoja akitabasamu, akalishika kwa mikono miwili, akalibana katikati ya magoti. Tabasamu likamtoka taratibu. Mama mwenye magodoro akauliza kutoka ndani ya boti kama tunaondoka au tunafungua mtungi.

"Hii ilikuwa inacheza jana asubuhi," nilisema. "Imekunywa maji ya moto siku moja tu. Yako ina mwezi na nusu ndani ya ziwa. Nailoni niliikausha mimi, haikutakiwa kukaushwa. Kosa si lako, wala si la boti. Ni langu."

Bituro alipanda hadi kwenye gurudumu la usukani, boti ikiwa bado imegusa mchanga, akaligeuza kulia lote, kwa nguvu, nikiona mishipa ya shingo yake. Likaenda. Kisha akalirudisha kushoto. Likaja nusu na kusimama. Aliegemeza kifua. Mnyororo ulilia, na gurudumu halikusogea hata upana wa kidole. Alibaki ameegemea vile vile, na wale waliokuwa ndani wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka nikasikia maji yakigonga mbao.

"Jana jioni," alisema polepole, bila kunitazama, "niliukwepa mwamba wa pale kona kwa huu usukani."

Kisha akawaambia abiria washuke. Mama mwenye magodoro aliuliza ni kwa muda gani. Bituro akanielekeza mimi kwa kidevu, na watu wote wakageuka kunitazama, na ninyi mkishanifahamu mtajua hicho ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote duniani.

Nilisema ni kwa siku tatu, labda nne, kwa sababu bushi nyingine itabidi ichemshwe kwanza. Nilisema nitakuwa hapa muda wote. Nikavua viatu, nikaviweka juu ya jiwe, nikachukua spana, nikaingia majini hadi kiunoni nyuma ya boti, na kuifungua nati ya kwanza.